Chumba Kilichofungwa na Mimi Niliyekuwa Ndani

Kuna watu hapa Mwanza wenye umri wa baba yangu ambao wakiniona njiani wananiamkia wao kwanza, na kabla hamjadhani nimefanya jambo la maana acha niseme ukweli: wananiogopa, na wananiogopa kwa sababu waliniona nikitoka dirishani kinyumenyume, bila suruali, mbele ya uwanja uliojaa watu. Nimejaribu kuwaeleza ilivyokuwa na nimechoka. Nawaeleza ninyi, ambao angalau hamkuwepo.

Mimi ni katibu msaidizi wa Furu FC. Furu, kwa asiyejua, ni yule samaki mdogo wa ziwani ambaye sangara alimla mpaka akakaribia kummaliza, na mzee aliyeanzisha timu (alikuwa mchuuzi wa samaki pale Mabatini) alisema anataka jina la kitu kilichogoma kuisha. Tunacheza ligi ya daraja la kwanza, wachezaji wetu wanalipwa mshahara karibu kila mwezi, na mimi niliajiriwa nikiwa nimetoka chuo na shahada ya takwimu na mdomo usiopumzika, nishike karatasi zote za klabu: barua, usajili, ukurasa wetu mtandaoni, na zaidi ya yote leseni za wachezaji, vile vikadi vyenye picha ambavyo kamisaa wa mechi anavikagua kabla mpira haujaanza. Leseni zisipofika mezani, timu haichezi, na isipocheza imefungwa.

Msimu ulianza vizuri mno. Tulishinda mechi nne mfululizo, nikachora grafu nikaibandika ukutani ofisini, mstari unapanda kama barabara ya kwenda Bugando, nikawa nawaonesha hata watu waliokuja kuuliza choo kiko wapi. Kisha kipa akavunjika kidole, mshambuliaji akaugua malaria, akapona, akaugua tena, tukakaa mechi tisa bila kushinda hata moja, nami nikaibandua grafu kimyakimya siku ambayo ofisini hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo Mzee Masalu alipopata kazi. Mzee Masalu ni mwenyekiti wa kamati ya ufundi, na anayeujua mpira wetu anajua kwamba kamati hiyo haishughuliki na ufundi wowote wa uwanjani, ni wazee watatu wanaosafiri kwenda kwa waganga na kurudi na masharti. Safari hii walirudi kutoka huko walikokwenda, ng'ambo ya Kisesa, na taarifa kwamba chumba chetu cha kubadilishia nguo kimefungwa. Si kwa kufuli. Kimefungwa kwa namna ile nyingine. Kuanzia siku hiyo timu ikaacha kukitumia, kwenye uwanja wetu wa nyumbani, ambao funguo zake anazo Mama Neema, mtunza uwanja tunayefahamiana naye wote. Wachezaji wakawa wanavalia jezi kwenye darasa la shule ya msingi ya jirani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya darasa la pili magoti yamefika masikioni, halafu wanaingia uwanjani kwa kuruka ukuta wa nyuma, kipa kwanza, wengine wakifuata.

Na balaa lenyewe ni kwamba tukaanza kushinda.

Mimi nilisema kikaoni, kwa sauti, kwamba kipa amepona kidole na mshambuliaji amepona malaria, kwa hiyo ukuta hauhusiki. Kilikuwa kikao cha wiki ya mwisho wa msimu. Tulikuwa tumebakiza mechi moja, nyumbani, dhidi ya timu ya Tabora, na hesabu zilikuwa rahisi: tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka, na klabu ya huku ikishuka haishuki tu, inakufa, wachezaji wanatawanyika na mlango wa ofisi unageuka kibanda cha chipsi.

"Mzee, unataka kuniambia chumba kinatuchukia?" nikamuuliza Mzee Masalu.

"Sijasema kinatuchukia. Nimesema kimefungwa."

"Kimefungwa na nani? Lini? Na tunajuaje?"

"Kijana, unauliza kama askari." Wenzake wakacheka. "Basi wewe uliyesoma, ukalale humo siku ya mechi, tuone kama utatoka."

"Nitalala."

Kocha Magesa, mtu wa Musoma asiye na maneno mengi, hakuinua hata macho. "Lala unapotaka," akasema. "Mimi saa tisa na robo nataka leseni mezani."

Hilo neno moja, nitalala, ndilo lililozaa mengine yote. Ningeweza kunyamaza. Mama yangu amekuwa akiniombea neema ya kunyamaza tangu nipo darasa la tatu.

Siku ya mechi nilifika uwanjani saa nane kamili, nikaacha simu ichajiwe kwenye kibanda cha tiketi, na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi nikanunua mayai mawili ya kuchemsha kwa muuzaji wa getini, na ndimu moja ya kulainisha koo maana nilipanga kupiga kelele, nikavitumbukiza kwenye mfuko wangu mweusi juu ya leseni. Leseni sikuziacha kwa mtu. Simwamini mtu na leseni (na hapo nilikuwa sahihi, ila sikujijumlisha mwenyewe). Kisha nikapita geti kubwa, lile ambalo timu nzima hailigusi, nikashika njia ya chumbani. Mlango ulikuwa wazi, Mama Neema alikuwa akifagia vyumba. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya dawa ya kuchua ya misimu iliyopita, misumari ya kutundikia jezi ukutani, na kwenye kona mabango ya zamani ya matangazo yameegemezwa. Nikaketi kwenye benchi nyuma ya mabango hayo. Hakuna kilichotokea. Nikasubiri kidogo, kwa sababu jaribio la haraka si jaribio, na bado hakuna kilichotokea. Basi nikajilaza, kuonesha dharau.

Dharau ikageuka usingizi.

Mama Neema aliniambia baadaye kwamba alirudi, akachungulia, hakuona mtu. "Nikasema hawa si hawaingiagi humu," alisema, "nikafunga zangu."

Kilichoniamsha ni ngoma za mashabiki. Nikakurupuka, nikauendea mlango, nikausukuma, haukufunguka. Nikausukuma kwa bega, haukufunguka. Na hapa lazima nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu pale klabuni: kwa muda kama wa nusu dakika, mimi mwenye shahada ya takwimu, niliamini. Niliamini kila kitu, ng'ambo ya Kisesa yote, na nikaanza kuahidi mambo ambayo sikuwa na uwezo wa kuyatimiza. Ndipo nikasikia kufuli likigongagonga upande wa pili wa mlango, na sijui kama kuna mtu amewahi kufurahi hivyo kugundua kwamba amefungiwa.

Furaha hiyo ilikatizwa na kipaza sauti. "Katibu msaidizi wa Furu anaombwa meza ya kamisaa pamoja na leseni." Nikapiga mlango mateke. Ngoma zikanimeza. Baada ya muda tena: "Katibu msaidizi wa Furu, timu zimeshaingia, kamisaa anasubiri leseni." Mara ya tatu wakataja jina langu lote, na la baba, wakaongeza "popote alipo," kama tangazo la aliyepotea.

Kulikuwa na dirisha juu, la vioo vya luva, lenye nondo tatu, ya katikati ikiwa imekatwa zamani na watu wasiopenda kununua tiketi, kimebaki kisiki chake tu. Nikasogeza benchi, nikachomoa vioo kimoja kimoja, nikavaa mfuko shingoni. Nikafikiri kwa makini sana (hapo ndipo huwa naharibu): nikitanguliza kichwa nitaangukia shingo, kwa hiyo nitangulize miguu. Miguu ikatoka. Mapaja yakatoka. Kiunoni mkanda ukanasa kwenye kile kisiki, nikawa nusu ndani nusu nje, kipaza sauti kinasema zimebaki dakika chache Furu wanyang'anywe pointi, nikafungua mkanda, nikajivuta kurudi ndani mpaka miguu ikachomoka kwenye suruali, nikaitanguliza tena nikajiachia. Mimi nikaenda chini. Suruali ikabaki juu.

Dirisha lile linaangalia jukwaa la wageni. Sikulijua hilo. Kwa nini ningelijua, hakuna mtu aliyetumia kile chumba tangu mechi ya kumi na tatu.

Ngoma zikaacha moja moja. Kisha nikasikia mama mmoja, kwa utulivu kabisa, "Jamani, huyo ametoka kinyumenyume."

"Na hana nguo," akasema mwingine.

"Shati analo."

"Shati ndiyo suruali?"

Nilikuwa na shati, mfuko mweusi shingoni, na boksa, na boksa ilikuwa nyekundu. Ninyi pia mmekua hukuhuku, mnajua mtu mwenye nyekundu na nyeusi anayetoka kinyumenyume kwenye chumba kilichofungwa anakuwa nani. Vijana wa Tabora waliokuwa wakipasha misuli upande ule wakakimbia wote hadi katikati ya uwanja. Askari wawili wakanishika, mmoja kwa kola na mwingine kwa mbali kidogo, wakanivusha mbele ya jukwaa zima hadi mezani, na njiani Mama Neema akanifikia mbio, akavua kitenge chake cha juu akanifunga kiunoni.

"Mwanangu, ulikuwamo humo? Si ungesema."

Kamisaa alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mtu wa kanuni. "Fungua mfuko," akasema.

Nikaufungua. Kikatoka cha juu: yai. Kisha yai la pili. Kisha ndimu. Kisha kikaratasi cha chumvi, kwa sababu muuza mayai yeyote mwenye utu anakufungia na chumvi. Nahodha wa Tabora akarudi nyuma hatua tatu.

"Hivi ni nini?"

"Mayai, mama."

"Naona ni mayai. Ya nini?"

"Ya kula."

"Kula basi."

Nikamenya yai, nikala, uwanja mzima unanitazama koo. Yai la kuchemsha bila maji, mbele ya maelfu ya watu, ni kazi. Nilipomaliza akanionesha la pili kwa kidevu. Nikala na la pili. Ndipo akachungulia ndani ya mfuko, akazitoa leseni, akazihesabu bila haraka, akatazama saa yake. "Mlibakiwa na dakika mbili," akasema.

Mechi ikaanza. Mimi nikaketi pembeni ya mstari, upande wa kulia, na kitenge changu chenye picha za kuku, nikitaka ardhi ipasuke, na nadhani wa kwanza kugundua alikuwa kocha: winga wa kushoto wa Tabora, aliyetuua kule kwao mzunguko wa kwanza, hakuwa anasogea huku nilikokaa. Akipewa mpira anaurudisha. Kocha Magesa akanijia, akainama.

"Usiondoke hapo."

"Kocha, na wewe unaamini haya?"

"Mimi naamini yule haji huku. Kaa."

Mapumziko yalipoisha timu zikabadilishana magoli, akanijia tena. "Hamia upande wa pili." Na mimi, niliyepinga ushirikina msimu mzima, nikakusanya kitenge changu nikahamia upande wa pili. Mtasema nilisaliti akili yangu. Ni kweli. Ila nilikuwa nimewaza ule mlango wa ofisi na kibanda cha chipsi, nikaona akili itanisamehe. Walitufunga moja kwa mpira wa kona, tukasawazisha mwishoni kwa kichwa cha beki ambaye hajawahi kufunga maisha yake yote, ikaisha moja kwa moja. Tukabaki.

Nilibebwa. Nilipotuliwa chini Mzee Masalu alikuwa ananisubiri, macho yamelowa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, ng'wanawane." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtoto wao. "Kumbe ulikuwa unatuficha."

"Mzee, nilifungiwa na kufuli. Muulize Mama Neema."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akanikonyeza.

Habari ilifika nyumbani kwetu Mkolani kabla yangu. Mama aliambiwa na akina mama wa kwaya kwamba kijana wake amefungua kazi ya uganga, na Jumanne mchungaji akaja nyumbani kuniombea, maombi marefu, nikaacha kubisha nikaitikia amina, maana nikijitazama vizuri nilikuwa nayahitaji. Mimi najua kwamba mechi moja si ushahidi wa chochote. Nimewaambia hivyo wachezaji mmoja mmoja. Wananisikiliza kwa adabu ambayo hawakuwa nayo zamani.

Msimu huu mpya ulipoanza, kamati ilitoa tamko: kwa kuwa katibu msaidizi alilala chumbani na akatoka mzima, chumba kimefunguliwa, timu irudi. Hakuna tena madawati, hakuna ukuta. Ndilo jambo nililolipigania msimu mzima kwa grafu na hoja, na nimelipata kwa boksa. Nimeshaacha kulisahihisha. Nilichoapa ni kimoja, kwamba sitathibitisha tena jambo lolote kwa kwenda peke yangu mahali penye kufuli.

Siku ya mechi ya kwanza walifika mlangoni wote na jezi mikononi, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Mzee Masalu akanishika bega taratibu.

"Tangulia wewe."

Nikatangulia, nikaketi, nao wakaingia nyuma yangu mmoja mmoja, wakaanza kutundika nguo kwenye misumari na kutaniana. Mama Neema alipopita nje na funguo zake nikamwita. Nikamwambia nimo ndani. Akasema amesikia. Nikamwambia tena.