Nguo za Watoto wa Nyuma ya Kioo

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Miaka ishirini na miwili alinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu asiowajua, na jioni, akirudi kwenye chumba chake kimoja, alikaa kwenye cherehani au alishika krosheti. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimevaa: makochi, redio, feni. Hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lenye marinda. Sisi watoto wa kaka zake tulikuwa tukitaniana kwamba ukikaa kwake nusu saa bila kujitikisa, utaondoka umefumiwa. Mimi niliona ni mapambo tu, kazi ya kupotezea muda.

Kisha nikajifungua kabla ya siku zangu. Binti yangu alizaliwa na miezi sita na nusu, kilo moja na robo. Walimlaza kwenye mashine ya joto, nyuma ya kioo, na mipira myembamba puani na mkononi. Siku ya tatu shangazi alikuja kumwona.

"Mbona yuko uchi?" aliniuliza.

"Hakuna nguo ya kumtosha, shangazi. Na hiyo mipira hairuhusu. Ila wakimtoa kumpima uzito anapoa, na akipoa hali yake inarudi nyuma."

Hakunipa pole. Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo, akasimama hapo muda mrefu. Akakunjua kiganja chake juu ya kioo, usawa wa mtoto, akakitazama. Kisha akatembea polepole kutoka mwanzo wa kile kioo hadi mwisho wake, akaondoka bila kuaga. Nilidhani ameshindwa kuvumilia.

Kesho yake mchana alirudi na kifurushi kidogo cha kitambaa safi. Ndani yake mlikuwa na kigauni kilichoshonwa kwa shuka kuukuu, laini kwa kufuliwa miaka mingi, na kofia ya kufuma ambayo ingetosha kwenye chungwa. Nesi mkuu, mwanamke asiye na masihara, alikigeuza kile kigauni huku na huku.

"Mama, hiki umekishona kinyume. Mishono imetokea nje."

"Sijakosea, mwanangu. Imekaa nje ili isimguse. Ngozi yake bado."

Nesi akaendelea kukagua. Hakukuwa na vifungo, ila vikamba vya kufungia mabegani na ubavuni, kwa hiyo nguo yote ilifunguka na kulala bapa kama karatasi. Unamlaza mtoto juu yake, unaifunga kumzunguka, na hakuna mpira hata mmoja unaoondolewa. Kofia nayo haikuwa na fundo lolote kwa ndani. Shangazi alituambia ameifumua mara nne kwa sababu ya fundo moja la utosini.

"Tumeshavichemsha na kuvipiga pasi," aliongeza. Alisema "tumeshavichemsha" kana kwamba yeye na pasi yake ni watu wawili.

Nesi mkuu aliondoka nacho akakichemsha tena kwa taratibu zao. Jioni nikaitwa kwenye kioo. Walikuwa wamemvisha. Kilimkaa. Hakikubana, hakikupwaya, na mikono ile miembamba kama penseli ilitokea pale pale ilipotakiwa kutokea. Manesi watatu walikuwa wamemzunguka, mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Na mimi nilipigwa na butwaa, maana mwanangu, kwa mara ya kwanza, alionekana kama mtu aliyekuwa akisubiriwa.

Nesi mkuu akatoka nje. "Mama, unaweza kushona vingine?"

"Wamebaki kumi mle ndani," shangazi alijibu. "Nipe mpaka Jumatano."

Jumatano alileta vigauni kumi. Nesi akachukua cha juu aanze na mtoto wa karibu na mlango.

"Hicho si cha huyo," shangazi alisema kutoka upande wetu wa kioo. "Ni cha yule wa dirishani, mwenye mabega. Huyo wa mlangoni ni mwembamba, chake kina kamba nyeupe."

Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Aliwapitia mara moja tu, siku ile ya kwanza, kwa mbali, bila futi ya kupimia, na wote aliwashika kichwani.

Vilivaliwa tisa. Mtoto wa kumi alikuwa amefariki alfajiri ile. Hakuna aliyejua nini kifanywe na kigauni chake, mpaka mama yake mwenyewe alipokuja akakiomba. Kamba zilimshinda kufunga. Shangazi aliingia naye, akamfungia moja baada ya nyingine, taratibu, vifundo vidogo vilivyolingana, kama anavyowafungia walio hai. Siku mbili hakugusa cherehani. Siku ya tatu aliniagiza mashuka makuukuu, yoyote nitakayopata.

Binti yangu alitoka hospitali baada ya siku hamsini na moja. Sasa yuko darasa la pili na hatulii hata dakika. Shangazi aliacha kazi kwa dobi kwa sababu ya magoti, na wodi ile imempa meza na kiti kando ya dirisha la korido. Wauguzi wawili amewafundisha, lakini kipimo cha macho wanakiri hawajakiweza.

Juzi nilimpelekea chai pale mezani nikamuuliza kitu ambacho miaka yote nilikuwa naona aibu kukiuliza. "Shangazi, siku ile ulijuaje vipimo vya wote?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba mvua inanyesha.

"Si niliwaangalia?" alisema. Halafu akanisukuma kidogo kwa kiwiko. "Sogea huko, unaniziba mwanga."