Mwalimu Aliyekataa Kumchezea Rais

Desemba ile, muhula wa rais wa kwetu ulikuwa umekwisha na yeye hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka. Sisi Wakongo wa Minneapolis na Saint Paul tukasema tutaandamana. Kusema kulikuwa rahisi. Mkutano wa kupanga ulifanyika baada ya ibada, katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu kule Richfield, na nusura uvunjike kwa woga.

Woga wenyewe ulikuwa na sababu. Kabla ya hapo vijana wachache walikuwa wamesimama mjini na mabango, picha zao zikasambaa kwenye simu, na haukupita muda watu wa usalama wakabisha hodi kwa wazazi wao Bukavu. Baba wa mmoja wao alilala rumande akatoka amevunjika mkono. Kwa hiyo kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba yeye akipiga kelele Marekani, atakayeumia ni ndugu yake nyumbani. Tena tulishuku kwamba miongoni mwetu yumo mtu anayepiga picha na kuzituma.

Mzee wa kanisa aliyeongoza mkutano alikuwa na wazo.

"Baridi itatusaidia," alisema. "Tujifunge skafu mpaka chini ya macho. Nani atatujua?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, maana mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, bado yuko Uvira.

Mama alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na birika la chai. Alikuwa anafanya kazi ya kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali moja Minneapolis, na miguu ilimsumbua, hivyo kila mahali alitafuta kiti kwanza. Hakuwa mtu wa mikutano. Nilishtuka nilipomwona ameinua mkono.

"Nitaenda," alisema. "Ila uso sitafunika."

Mzee wa kanisa akatabasamu. "Maman, umri wako huo, nani atakuangalia?"

"Wataniangalia. Ndiyo maana naenda."

Ukumbi ukalipuka. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele aligeuka akasema kwa uchungu kwamba ujasiri wa namna hiyo ni wa watu wasio na ndugu kule. Yeye ana watoto wawili Goma. Niliona aibu. Nilisimama nimchukulie Mama koti lake tuondoke, kabla hajasema neno jingine.

Ndipo akasimama mwanamume mmoja mwenye ndevu za mvi. Alikuwa amefika si zamani, akitokea kambini Burundi, na alikuwa anapakia mizigo katika ghala moja huko Eagan. Tangu afike alikuwa anamwita mama yangu Mwalimu na kumpa mkono kwa mikono miwili. Tulidhani ni adabu tu, kwani kwetu aliyewahi kushika chaki huitwa Mwalimu mpaka anazikwa. Kwamba Mama alifundisha ujanani tulijua. Zaidi ya hapo hakuwahi kutueleza.

"Huyu mama mnamjua?" yule mwanamume aliuliza. "Mimi namjua. Alinifundisha darasa la nne, Uvira, wakati wa chama kimoja."

Akaanza kusimulia.

Siku hizo, alisema, kila asubuhi kabla ya masomo shule nzima ilitoka uwanjani kumwimbia na kumchezea rais. Waliita animasio. Walimu walicheza, watoto walicheza, hata mwenye homa alicheza. Serikali ilikuwa pia imepiga marufuku majina ya ubatizo. Kaka yake Mwalimu, aliyekuwa katekista, aliendelea kuyatamka kanisani kwa sauti, kila mtoto na jina lake. Watu wa usalama walimchukua sokoni, mchana, watu wanaona. Hakurudi.

"Baada ya hapo Mwalimu alikuja shuleni kama kawaida," alisema. "Ngoma ikalia. Yeye akasimama tu, mikono nyuma. Tulifikiri anaumwa. Kesho yake vilevile. Mkuu wa shule alimwomba atikise hata mabega, hakutaka. Basi wale watu wa usalama wakamwita kwao ofisini, wakafungulia redio, wakamwambia acheze mbele yao."

"Akacheza?" mtu aliuliza.

"Aliporudi alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Walimpiga nyayo. Akaja uwanjani hivyohivyo, akasimama. Na sisi, darasa lake, tukasimama. Hakutuambia. Hakuna aliyepanga. Madarasa mengine yanaruka, la nne limetulia kimya. Tulichapwa wote, na yeye wakamhamishia milimani. Lakini mimi nimekaa kambini miaka, nimefokewa na kila mwenye kirungu, na kila mara nilikumbuka kwamba kuna asubuhi moja nilikataa."

Nilibaki nimeshika lile koti. Nilijua tulikuwa na mjomba aliyefariki kabla sijazaliwa. Sikujua alifia mikononi mwa nani. Na ile miguu! Nilikuwa nimemnunulia Mama viatu vya soli laini, nikilaumu sakafu ya hospitali.

"Kaa chini, wewe mtoto," Mama alimwambia yule mwenye mvi, na watu wakacheka, wengine huku wakifuta macho. Kisha akamgeukia yule mwanamke wa Goma, na sauti yake haikuwa ya kugombana.

"Mdogo wangu yuko Uvira. Nilimpigia simu kabla ya kuja hapa, nikamuuliza. Yeye ndiye aliyesema niende. Na wewe waulize watoto wako. Wakikataa, jifunike, mwanangu. Hakuna aibu."

Tuliandamana Jumamosi, mbele ya jengo la bunge la jimbo, Saint Paul. Theluji ilikuwa imelala kila mahali na upepo ulikata masikio. Mama alivaa kofia ya sufu, uso akaupaka mafuta ya mgando mpaka unang'aa. Binti yangu, aliyemshika mkono, alimuuliza kwa Kiingereza kama hasikii baridi. Akajibiwa kwa Kiswahili kwamba anaisikia sana.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtu ameinua simu. Alipiga picha mabango, akapiga nyuso. Mama akamgeukia moja kwa moja.

"Piga vizuri!" alimwambia. "Jua liko upande huu."

Mtu yule akapiga, kisha akaingia garini akaondoka. Yule mwenye mvi alivua skafu. Mzee wa kanisa hakuvua, wala hakuna aliyemcheka. Mimi nilisitasita, nikafikiria mlango wa mama mdogo, halafu nikakumbuka ruhusa aliyotoa. Nikavua. Baridi ilinipiga mashavu kama kofi, na sijawahi kusimama wima kama siku ile.

Mwaka mpya ulipoingia, watu wa usalama walifika kwa mama mdogo, Uvira. Walikuwa wawili. Mama mdogo alitusimulia baadaye kwa simu ya jirani. Walimwonyesha picha, wakamuuliza kama anamjua huyo.

"Ni dada yangu," aliwajibu. "Amenenepa, lakini ndiye."

Wakapekua nyumba, wakachukua simu yake, wakamwamuru awe anaripoti ofisini kwao kila wiki. Mama alipewa habari hizo akiwa jikoni. Aliketi, akafunika macho kwa kiganja. Siku hiyo hakwenda kazini.

Lakini mama mdogo hakuripoti peke yake. Alikwenda na wanawake wa kwaya yake. Waliketi kwenye ngazi za ofisi ile wakimenya maharage na kuimba zaburi mpaka alipotoka. Wiki iliyofuata walirudi, wamekuwa wengi zaidi. Wale mabwana walivumilia kwa muda, mwishowe wakamwambia asirudi tena, yeye na kelele zake.

Alipotupigia kutuambia hayo, Mama alicheka hadi akaomba maji.

"Simu yangu hawajarudisha," mama mdogo alilalamika. "Na ile picha iko kwao. Nitumieni nyingine, kubwa, niitundike sebuleni."