Swichi ya Bafu la Ngeleja

Bertilla, binti wa wakulima wa ulezi wa Chala, aliolewa na Ngeleja, Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe, miaka ile ya ruksa ambapo bidhaa za nje zilianza kufika hadi Sumbawanga. Ngeleja alijenga nyumba ya bati Chanji, mtaa wa mji huo. Alitaka bafu la ndani, lenye bomba na taa, kitu ambacho majirani wengi hawakuwa nacho.

Fundi umeme, Zenon, alipofika kwenye bafu alisita.

"Mzee, swichi ya humu tuiweke nje ya mlango," alisema. "Maji na umeme havikai pamoja."

"Mgeni wangu aanze kupapasa ukutani koridoni? Iweke humo, karibu na bomba, mtu aione."

"Basi niweke ya kamba, ining'inie kutoka darini."

"Kamba kama ya kufungia ndama? Weka hapo nilipokuonyesha."

Zenon akaiweka. Bertilla aliyasikia yote, maana alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

Haikupita muda akaanza kuhisi vidole vikitekenywa kila alipogusa swichi ile akiwa ametoka kuoga. Alimwambia mumewe. Ngeleja akamjibu afute mikono kwanza. Tangu hapo Bertilla akawa anaoga kwa mwanga wa koroboi, na binti yao mdogo, Rahel, akawa anamwogeshea uani.

Masika yalipokwisha, mama yake Ngeleja, Bibi Mboje, alipanda kutoka bonde la Rukwa kuja kutibiwa macho. Baridi ya Ufipa ilimtesa. Jioni moja, umeme ulipowaka, Bertilla alimchemshia maji, akampelekea bafuni na kumwashia taa kwa mkono mkavu.

"Mama, taa usiiguse. Nitakuja kuizima mwenyewe."

"Haya, mwanangu."

Labda bibi alisahau. Labda hakutaka kumsumbua mkwewe. Bertilla alisikia ndoo ikianguka. Alipousukuma mlango alimwona bibi ameporomoka kwenye maji kando ya ukuta, mkono umenasa juu kwenye swichi. Alimwinamia amshike, kisha akarudisha mikono. Akakimbia hadi barazani, akashusha swichi kubwa ya nyumba, nyumba nzima ikawa giza, ndipo akarudi na kumkumbatia. Bibi Mboje hakuwa na pumzi tena.

Walimzika bondeni, karibu na zizi lake. Baada ya maziko, Enock, mdogo wake Ngeleja, alisimama mbele ya ukoo.

"Mama aliondoka hapa anatembea kwa miguu yake. Kaingia kwenye nyumba ya mwanamke huyu, katoka maiti. Na jirani yao kaniambia, huyu shemeji alimwona mama chini, akamkimbia. Mtu anamkimbia mama yake?"

Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Bertilla alimtazama mumewe. Ngeleja alikuwa akichora mchangani kwa kijiti, hakuinua kichwa.

Bertilla alingoja. Alipoona hakuna neno litakalotoka, akasimama mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Shemeji, sitaapa wala sitalia. Twendeni Chanji. Mkakione kilichomuua mama, kisha mseme."

Walikwenda, Enock na wazee wawili wa ukoo. Zenon aliitwa. Alizima umeme wa nyumba, akaifungua swichi mbele yao. Maji yaliyokuwa yamejaa nyuma yake yalitiririka ukutani. Ndani kulikuwa na kutu na weusi wa kuungua.

"Umeme ulipita kwenye maji haya, ukaingia mkononi mwake, ukatokea miguuni," Zenon alisema kwa sauti ya chini. "Mkwe wake angemshika kabla ya kuzima, mngezika watu wawili. Na mimi nina kosa. Niliambiwa niiweke humu, nikaiweka. Ningekataa kazi."

"Nani alikuambia?" Enock aliuliza.

Zenon alikunja bisibisi yake ndani ya kitambaa.

"Mimi," Ngeleja alisema. Alikuwa ameegemea mlango, uso umemlegea. "Fundi alipinga. Mama Rahel alinionya. Mimi ndiye niliyetaka."

Enock alitoka nje bila kuaga. Mzee mmoja alimgusa Bertilla begani, akasema, "Pole, mwanangu," basi.

Siku hiyo Zenon aliihamishia swichi koridoni na kuliziba tundu la ukutani kwa saruji. Walipobaki peke yao, Ngeleja alianza kuomba msamaha. Bertilla alimkatiza.

"Baba Rahel, bafuni ulikosea, na mtu yeyote hukosea. Lakini kule bondeni ulijua, ukaniacha nisimame peke yangu."

Alikwenda Chala na Rahel, akavuna ulezi na mama yake. Alirudi baada ya mavuno. Hakueleza kwa nini, na Ngeleja hakuthubutu kumuuliza.

Nyumba nyingi zilijengwa Chanji miaka iliyofuata. Bertilla alizipitia zikiwa bado msingi na kuta, akawauliza wenye nyumba umeme wa bafuni utakaa wapi. Wengine walimwona msumbufu. Ngeleja naye hakumficha mgeni yeyote: alimwonyesha lile kovu la saruji na kusema mama yake alifia pale kwa sababu ya ubishi wake; ya kule bondeni hakuyataja. Kila alipoanza kusimulia, Bertilla aliinuka taratibu, akaenda jikoni kukoroga uji.