Pakiti za Maziwa Zenye Karanga

Shangazi yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti anakalia ukingo, kama mtu anayengoja kuitwa. Akienda dukani kununua sabuni atageuza kwanza vitu vitano asivyovihitaji, asome mgongoni, avirudishe rafuni, ndipo aiombe sabuni. Wenye maduka wengine wanamwona kero. Mimi namfahamu tangu hajawa hivyo, basi acha nieleze ilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na sita kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa kufungasha. Biskuti zinatoka tanurini, zinapanda mkanda, karatasi inazivisha, kisu kinakata, muhuri unagonga tarehe. Kazi yake ilikuwa kubadilisha rola la karatasi likiisha, kuhakikisha tarehe inasomeka, na kuweka drooni pakiti ya kwanza ya kila rola iwe sampuli. Wenzake walimwita Bibi Tarehe. Muhuri ukififia kidogo tu, alizima mashine hata meneja akiwa amesimama kisogoni kwake.

Kiwanda kilitengeneza biskuti za aina mbili, za maziwa na za karanga, na karatasi zote mbili zilikuwa za njano. Kilichozitofautisha ni maandishi, pamoja na kapicha kadogo kwenye kona: glasi kwa zile, punje za karanga kwa hizi. Kuna wakati alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya viwango, mama mfupi mwenye sauti nzito, akawakusanya kwenye chumba cha chakula awafundishe habari za mzio. Akawaambia wapo watu ambao karanga moja tu inatosha kuwaziba koo.

Fundi wa tanuri akanyoosha mkono. "Sasa mama, mtu wa hivyo si anapata shida? Akialikwa harusini anakula nini?"

Chumba kizima kikacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Anakula kile ambacho ninyi mmeandika kwamba hakina karanga," akasema, akaendelea na somo.

Ijumaa moja zilikuwa zinapita za karanga. Saa tisa alasiri rola likaisha, mashine ikaanza kulia, na huku nje dereva wa lori anapiga honi. Shangazi akakimbilia stoo, akabeba rola lililokuwa mbele, akalifunga, akatazama tarehe. Safi. Akatazama namba ya bechi. Sawa. Pakiti ya kwanza akaitia kwenye droo, mkanda ukaendelea. Macho yalikwenda pale yalipozoea kwenda, na picha ya kwenye kona hayakuiona.

Jumamosi walikuwa wanafanya kazi nusu siku. Asubuhi akafungua droo aandike sampuli kwenye daftari, na pakiti ya mwisho ikamwonyesha glasi ya maziwa. Akaipasua. Harufu ya karanga ikampanda puani. Akaivunja biskuti, akaionja, akaionja tena kana kwamba ya pili ingekuwa na huruma kuliko ya kwanza.

Meneja alikuwa anakunywa chai ofisini. Shangazi akamwekea pakiti mezani, akamweleza.

"Bibi Tarehe, keti kwanza."

"Siwezi kukaa."

Meneja akatafuna kipande. "Tamu. Mtu kanunua ya maziwa, kapata ya karanga. Nani atalalamika? Karanga ni ghali, amepunjika nini?"

"Bosi, wapo ambao itawaua."

"Wangapi? Mmoja kwa elfu? Jumatatu mkurugenzi anarudi, tutamweleza. Leo ukianza kupiga kelele madukani, kesho hakuna atakayenunua hata ile nzima. Utakuwa umetumwagia mchanga kitumbua."

Shangazi alitoka. Akarudi kwenye mashine, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Anasema ilikuwa kama kuna chungu wanamtembea chini ya ngozi. Mtunza ghala, mzee asiyependa maneno mengi, alikuwa anamtazama tangu alipotoka ofisini. Alipopita karibu naye akamwuliza, "Mama, umepoteza nini?" Akamweleza. Mzee akasogea mezani. Akafungua faili, akatoa karatasi ya mzigo wa jana, akaiweka juu ya meza, kisha akageuka kupanga magunia ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Katoni za lile rola zilikuwa kumi na moja. Maduka sita.

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, ana pikipiki. Anasema dada yake alifika nyumbani na aproni ya kazini bado kiunoni, hakusalimia, akapanda nyuma. "Twende."

"Wapi, dada?"

"Washa kwanza, nitakwambia njiani."

Duka la kwanza walikuta katoni mbili hazijafunguliwa, wakazipata bila maneno. La pili mwenye duka alikataa. "Biskuti nzima, tarehe bado, leo uje uzichukue hivi hivi? Barua yako iko wapi? Matapeli wamejaa mjini." Shangazi akaomba kalamu, akaandika barua palepale kwenye kaunta, kwamba yeye, mfungashaji, ndiye aliyekosea karatasi. Akatia sahihi. Baba akamnong'oneza, "Dada, hiyo ni kamba, unajifunga mwenyewe." Akamjibu asogee, anamzibia mwanga. Barua hiyo aliinakili kila duka.

Hadi saa saba mchana walikuwa wamekusanya katoni kumi. Duka la sita lilikuwa la mama mmoja mcheshi, na katoni yake ilikuwa imefunguliwa. Pakiti kumi zilikwisha kuuzwa.

"Kwa nani, mama?"

"Ee, mwanangu, nitawakumbuka wote? Wapita njia." Akafikiri. "Lakini tatu kachukua fundi cherehani wa hapo nyuma. Kila Jumamosi anawanunulia mafundi wake za maziwa. Ana binti mmoja wa kushona vifungo, huyo za karanga hagusi kabisa."

Shangazi hakungoja pikipiki. Baba anasema hakuwahi kujua kuwa dada yake anaweza kukimbia.

Chumba cha ushonaji kilikuwa na cherehani nne na redio juu ya marobota ya vitambaa. Pakiti mbili ziko wazi kwenye sinia, ya tatu bado imefungwa. Binti wa vifungo alikuwa amekaa pembeni, anajikuna shingo, midomo imevimba, huku fundi mkuu akimpepea na kipande cha kitambaa.

"Ni joto tu," fundi akasema. "Nimemwambia anywe maji."

"Si joto. Umekula ngapi?" Shangazi alikuwa ameshamshika mkono. Binti alionyesha vidole viwili. Sauti haikutoka.

Walimpandisha pikipiki, akawa katikati yao, baba mbele na shangazi nyuma akimkumbatia. Alikuwa anamsikia anavyovuta pumzi, kila pumzi inapiga filimbi, na kila taa nyekundu barabarani ilikuwa mwaka mzima.

Hospitalini daktari aliuliza amekula nini. Shangazi akatoa kwenye aproni pakiti aliyoichukua kwenye sinia. Daktari akaigeuza, akasoma haraka.

"Huyu ana mzio wa nini?"

"Karanga."

"Lakini hapa hakuna karanga. Unga, sukari, maziwa..."

"Iko ndani, daktari. Hiyo lebo inadanganya. Nimeifunga mimi."

Daktari alimtazama mara moja tu, akaagiza sindano.

Baada ya muda filimbi ikapungua, midomo ikaanza kurudi. Mama yake binti alifika anahema, kitenge kimekaa upande, akamwuliza shangazi, "Wewe ndiye uliyemleta? Mungu akubariki." Shangazi akasema, "Mama, usinibariki kwanza," akamweleza yote. Yule mama alikifunga kitenge vizuri. Kisha akamgeuzia mgongo, akaenda kukaa na mwanawe. Hajamwambia neno tangu siku ile, na shangazi hamlaumu.

Jumatatu hakwenda kiwandani. Alikwenda ofisi ya viwango, akamkuta yule mkaguzi mfupi, akaweka mezani sampuli, karatasi ya mzigo na nakala ya barua yake. Mkaguzi alisoma, akavua miwani. "Unajua utafukuzwa?"

"Najua. Pakiti saba bado ziko nje."

Mchana huohuo redio ilitangaza namba ya bechi, ikawaomba watu wazirudishe. Kiwanda kilifungwa siku kumi na mbili. Meneja alimwita mbele ya wenzake, akamwambia, "Umetuvua nguo sokoni." Wenzake, ambao kwa siku zile kumi na mbili walikuwa wamekaa nyumbani bila kazi, waliacha kumwachia nafasi kwenye benchi la chakula. Hakufukuzwa, maana mkaguzi alikuwa anakuja kila wiki, lakini alihamishiwa kwenye kuosha trei. Aliziosha miezi minane. Karatasi za karanga zikabadilishwa, zikawa za kahawia, na zikapewa kabati lenye ufunguo wake. Ufunguo alikabidhiwa mtu mwingine.

Miezi hiyo ilipokwisha, mkurugenzi mwenyewe akamrudisha upande wa kufungasha. Fundi wa tanuri, yule wa swali la harusi, alisogea kwenye benchi, akampisha. Shangazi anasema alikula amesimama hata hivyo.

Zile pakiti saba hazikurudi. Niliwahi kumwambia, shangazi, ni zamani sana, zililiwa na watu wasio na mzio, wakasema tamu, basi. Akaniuliza nimejuaje. Akainuka, akaenda kuangalia kama mlango umefungwa, ingawa ilikuwa mchana na sote tulikuwa ndani.