Bata wa Mama Mkwe

Mume wangu alinieleza mambo mengi kabla hajanioa na kunileta mjini Kindu. Alinieleza nyumba yao ya matofali kule mtaa wa Kasuku, msikiti ulio karibu, mto, na mama yake mjane anayesuka mikeka. Bata hakuwataja, labda kwa sababu kwake walikuwa kitu cha kawaida kama milango. Mimi nilizaliwa Kalima, kwenye nyumba za wafanyakazi wa madini, ambako mama yangu alifuga kuku wachache tu, nao walijitafutia wenyewe. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu nilifungua mlango, nikaweka mguu nje, na mguu ukateleza kwenye mavi ya bata.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye baraza, ukili mapajani. Hakucheka. Aliniambia nivae viatu, kisha akasogea ili nami nipate pa kukaa. Hapo ndipo nilipowaona vizuri: bata wakubwa, weusi kwa weupe, wenye nyama nyekundu usoni kama upele, wakitembea parselini mwake, yaani kiwanja chake kizima, kama wenye nyumba. Bata wa aina ile hawalii. Dume hupumua kwa nguvu kama mtu mwenye mafua, na jike hutoa kasauti kembamba ambako ukiwa barabarani hukasikii. Kuku nao walikuwapo, pamoja na jogoo mwekundu ambaye sauti yake ilifika mbali sana.

Nilidhani kufuga ni kuwamwagia pumba na kuwaacha. Mama mkwe alifuga kwa namna nyingine. Vifaranga wake wa kuku walikuwa wekundu. Alipokuwa akichemsha rangi ya kutia kwenye mikeka, aliacha kidogo ipoe, akawachovya vifaranga mmoja mmoja kwa vidole viwili, akawaanika juani. Nilipomuuliza sababu, alinielekeza juu, ambako mwewe alikuwa akizunguka. Alisema mwewe amezoea rangi ya chakula chake, na akiona kitu chekundu kinatembea atasitasita, na kule kusitasita kunampa mama kuku nafasi ya kukusanya wanawe. Sikuamini. Lakini vifaranga wa jirani, ambao walikuwa na rangi yao ya kuzaliwa, walichukuliwa msimu ule karibu wote, na wetu wengi walikua.

Vita ilipokaribia, mume wangu alikuwa amekwenda Punia na bidhaa zake. Barabara ikafungwa nyuma yake. Gari la moshi lilikuwa limekwisha kusimama, na mashua hazikuja tena. Tukabaki watatu kwenye parseli ile: mama mkwe, mimi, na binti yangu aliyekuwa bado ananyonya. Habari za mume wangu hatukuzipata. Mama mkwe alimtaja kila alipomaliza kuswali, kwa sauti ya chini, halafu akainuka kwenda kuwafungulia bata.

Katika mji uliofungwa, mtu mwenye kuku ni tajiri, na kila mwenye bunduki anajua hivyo. Walipita nyumba kwa nyumba. Hawakuwa na haja ya kuuliza nani anafuga, maana alfajiri majogoo wa mtaa waliwaambia wenyewe. Siku moja ilikuwa nyumba hii, kesho yake ile, na mtaa ukazidi kunyamaza. Majirani wengi wakaamua kuchinja kuku wote waliokuwa nao, wakala wakashiba mara moja, basi.

Mama mkwe hakutaka kuchinja jogoo, kwa sababu bila jogoo hakuna vifaranga. Alitafuta kasha la mbao la sabuni, lile fupi, akalilaza chini chumbani kwake. Jua likizama alimwingiza jogoo humo na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Alinionyesha kwa mkono wake shingo ya jogoo inavyonyooka akitaka kuwika, na jinsi kasha lisivyompa nafasi ya kunyooka. Alfajiri nilikuwa namsikia yule jogoo akijaribu. Sauti ilimkwama kooni, ikatoka kama mlango unaosukumwa taratibu. Jua likishapanda na mji ukiwa na kelele zake, mama mkwe alimtoa, akamnyoosha mabawa, akampa punje za mchele alizotunza kwa ajili yake. Alimwomba radhi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba radhi jogoo.

Hila ile ilitulinda kwa muda mrefu kuliko nilivyotumaini. Iliisha mchana mmoja kuku mmoja alipotaga na kutangaza yai lake kwa mtaa mzima. Vijana wawili wenye bunduki waliokuwa wakipita wakasimama. Mama mkwe alikuwa na dakika chache tu. Hakukimbilia kuku. Aliswaga bata wote chumbani, chini ya kitanda, ambako mmoja alikuwa tayari amelalia mayai, akashusha shuka hadi sakafuni. Mimi aliniambia niketi juu ya kitanda nimnyonyeshe mtoto.

Waliingia uwanjani, wakakamata kuku mmoja baada ya mwingine, wakawafunga miguu. Jogoo naye wakamchukua. Halafu mmoja wao, kijana mdogo mwenye macho mekundu, akaja mpaka mlango wa chumba na kuuliza kama hakuna wengine. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

“Kuku yote mulishakamata, mwanangu,” alimwambia. “Humu ndani iko mukamwana wangu, ananyonyesha. Weye unaweza kuingia mahali mwanamuke ananyonyesha?”

Chini yangu bata walikuwa wanapumua. Niliwahisi kwenye ubavu wa kitanda, joto lao na kutikisika kwao kudogo. Kama wangekuwa kuku, tungekuwa tumekwisha. Yule kijana alinitazama, akamtazama mtoto, akageuza macho. Alimwambia mama mkwe shikamoo, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza, akaondoka na kuku wetu begani.

Nilianza kulia, nafikiri kwa hofu iliyochelewa. Mama mkwe alipiga magoti, akainua shuka, akawatazama bata wake mmoja mmoja. Kisha akasema taratibu, “Hawa walizaliwa na akili.” Tangu siku ile bata waliishi nasi ndani. Tulifagia mara nyingi. Sikulalamika tena juu ya mavi yao.

Tuliishi kwa mayai ya bata hao. Yai la bata ni kubwa na zito, na mama mkwe alikuwa akinipa mimi zaidi ya nusu, akisema anayekula ni mtoto, mimi ni njia tu. Mengine aliyapeleka kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kibombo aliyekuwa akisali parokiani, ambaye naye alituletea majani ya muhogo kila alipofaulu kufika shambani na kurudi salama. Hakuna aliyepima nani ametoa zaidi.

Halafu ikaja asubuhi ya risasi. Zilianzia upande wa kituo cha gari la moshi, zikasogea, na watu wa mtaa wetu wakaanza kutoka na mizigo kichwani kuelekea kusini, kwenye njia ya reli. Mimi nilifunga mtoto mgongoni, nikachukua sufuria, chumvi na blanketi. Nilipoingia chumbani kumwita mama mkwe, nilimkuta amefungua nguo kifuani. Alikuwa anayatoa mayai chini ya bata anayelalia, anayapanga kwenye kipande cha kitenge, na anajifunga kitenge hicho tumboni, juu ya ngozi. Juu yake akavaa gauni lake pana. Bata mwenyewe alikuwa ndani ya kapu, kafunikwa. Wale wengine alikuwa amewafungulia mlango wa nyuma, waende mtoni wajitetee.

Nilimwambia tuyaache. Nilimwambia kwa sauti ambayo mukamwana hapaswi kuitumia kwa mama mkwe wake.

“Yako karibu kutoboka,” alinijibu, huku akifunga fundo. “Yako hai, mama. Nitaacha namna gani kitu kiko hai?”

Tukaondoka. Alitembea kama mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine umeshika kapu. Watu waliotupita walimwonea huruma, mama mzee kama yule kubeba mimba wakati wa vita. Hakumsahihisha mtu. Tulipopumzika hakulala chali wala kifudifudi. Aliegemea mti, akayageuza mayai moja moja ndani ya kitenge kama bata anavyoyageuza kwa mdomo. Nilipojaribu kumsaidia kubeba kapu alikubali. Nilipotaka kumsaidia kufunga kitenge alikataa, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vya baridi.

Tulipokelewa katika kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, mbali kidogo na reli. Mwanamke mmoja mwenye nyumba yenye vyumba viwili alitupa kimoja bila kutuuliza dini wala kabila. Mama mkwe alitandika majani makavu ya migomba pembeni, akalegeza kitenge, akayalaza mayai. Baadhi yalikuwa yamevunjika njiani, na harufu ilikuwa kwenye gauni lake. Kisha akamfungua bata. Bata alizunguka chumba, akanywa maji, akatutazama kwa jicho moja kama anayetudai maelezo, halafu akapanda juu ya mayai, akajitanua.

Yalianguliwa siku chache baadaye. Siyo yote. Lakini nilipoingia chumbani na kukuta vichwa vya manjano vinachungulia chini ya bawa, niliketi sakafuni. Mwenye nyumba alikuja, watoto wake wakaja, na baada ya muda nusu ya kijiji ilikuwa inapanga foleni mlangoni kutazama bata waliokimbia vita wakiwa ndani ya mayai. Katika wiki zile nilikuwa nimesahau watu wanavyocheka wakiwa wengi. Mama mkwe aliketi katikati yao, amechoka, macho yamezama, na sijapata kumwona mtu mwenye fahari kama ile.

Tulipoondoka kurudi Kindu, baada ya mambo kutulia, alimwachia yule mwanamke bata dume mmoja na majike wawili. Nyumba yetu tuliikuta haina mlango wala dirisha. Mume wangu alifika miezi kadhaa baadaye, kwa miguu kutoka upande wa Punia, amekonda, na mama yake alimwangalia kwa muda mrefu kabla ya kumgusa. Jambo la kwanza alilomwambia ni aende akate mianzi, maana bata hawana banda.

Hayo yamepita. Binti yangu aliyekuwa mgongoni sasa ana watoto wake, na banda letu ni la mbao, lenye wavu na sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini kwa sababu ya siafu. Miguu ya banda tumeisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari. Ninafuga mimi, bata na kuku pia. Mama mkwe haoni tena vizuri. Kila asubuhi nampeleka barazani, nampa ukili, na vidole vyake vinasuka vyenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa nafua. Kuku mmoja akaanza kupiga kelele, nami nikainua macho juu kumtafuta mwewe, nikaanza kupunga kitambaa. Mbingu ilikuwa tupu.

“Haiko juu,” mama mkwe alisema kutoka barazani. “Ikiwa juu, kuku analia mara moja na kunyamaza. Huyu anakata-kata sauti, haachi. Adui iko chini. Angalia majani ya kule kwenye bata.”

Nilikwenda na fimbo. Kwenye majani marefu ya ukingo wa parseli, karibu na kiota, alikuwapo kenge aliyetoka mtoni, mrefu kama mkono wangu pamoja na fimbo niliyoshika, ulimi unaingia na kutoka. Bata jike alikuwa amesimama mbele yake, amefungua mabawa, anahema tu bila sauti. Nilipiga ardhi, nikapiga tena, na kenge akageuka akapita chini ya uzio kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mnyama mzito kama yule.

Nimefuga kwa miaka mingi, na nilikuwa sijui kwamba kuku ana kilio cha juu na kilio cha chini. Nilirudi nikamwambia alikuwa kenge, na kwamba mayai ni mazima. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kunifundisha hilo. Alisema hata yeye hakulijua wakati bado anaona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanayawahi masikio.

Halafu akaniuliza bata amekula au bado, na mimi nikaenda kuchukua pumba.