Ukurasa Niliouchana

Kidato cha pili, shuleni kwetu Ifakara, Jumatatu ilikuwa siku ya maneno magumu. Mwalimu wa Kiingereza alitaka kila mmoja asimame ataje maneno kumi mapya na maana zake. Kamusi ilikuwa moja tu, ndogo, jalada limeachia, ikikaa mezani katika ofisi ya walimu. Atakayeiharibu, alisema, arudi kwao akalime.

Mimi sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Baba alikuwa akinisomesha shingo upande, akingoja sababu tu.

Mpunga ulipoanza kukomaa, kila Ijumaa nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda shambani kumsaidia bibi kuamia ndege hadi Jumapili. Nafasi ya kukaa na kamusi sikuwa nayo. Ijumaa moja, ofisi ikiwa tupu, nikachana ukurasa mmoja nikauficha ndani ya soksi. Mtumbwini nilitetemeka hadi mpiga kasia akaniuliza kama nina homa.

Juu ya dungu, kichanja cha kulindia mpunga, nilikariri ukurasa mzima, mbele na nyuma. Kweleakwelea wakitua, niliwafukuza kwa kupiga kelele: "Obdurate! Obsequious!"

"We mjukuu wangu, unawatukana ndege Kizungu?" bibi aliuliza kutoka chini.

"Hapana bibi, nasoma."

"Basi soma kwa nguvu, wale wa kule hawajasikia."

Jumapili nikautia ukurasa motoni, chini ya sufuria ya ubwabwa, nikadhani mambo yamekwisha. Mjinga mimi! Sikufikiri kwamba maneno yangu yote kumi yalitoka kwenye ukurasa ambao haupo.

Mwalimu alifikiri. Nilipomaliza kuyataja bila kukwama, alifungua kamusi ahakikishe. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akaniangalia.

"Nifuate ofisini."

Hakushika fimbo, na hilo lilinitisha zaidi. Alinipa karatasi na kalamu.

"Andika ukurasa wote, kwa kichwa. Likikosekana neno moja, kesho usije."

Niliandika mpaka vidole vikauma. Likabaki moja: obloquy. Neno lenyewe nililikumbuka, lakini maana yake ilikuwa imeniponyoka kabisa. Nilitazama mlango, nikaliona jembe la baba likinisubiri. Basi nikaandika, kwa Kiingereza safi, kitu nilichokijua vizuri: hofu ya mtu anayevuka mto mkubwa. Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaubandika ukurasa wangu kwa gundi ndani ya kamusi. Angelinganisha na nini? Kamusi ilikuwa ile ile.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu nilimwomba Mungu asitokee mtu wa kufungua ukurasa ule.

Wiki tatu baadaye alitokea. Mwenzangu wa dawati la mbele alisimama, akataja maneno yake, na la kumi likawa obloquy, hofu ya mtu anayevuka mto mkubwa.

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Liandikeni wote."

Maana yake ya kweli nimekuja kuikuta nikiwa mtu mzima: lawama za watu wote, hadharani. Asubuhi ile nilikuwa naziogopa lawama hizo bila kujua zinaitwaje. Nilifungua mdomo niseme. Kisha nikainama, nikashika kalamu, nikaliandika pamoja na wenzangu.