Vidole Viwili vya Casimir

Watu wa Mboko husema muuguzi Anastasie ni mwoga, na hawakosei. Anaogopa radi, anaogopa mbwa, anaogopa hata mjusi wa darini. Lakini mwaka wa kumi na tisa huu anauguza katika kituo kidogo cha afya kando ya barabara ya Baraka, na hakuna kinachomtia hofu kama mgonjwa wa tumbo anayecheka.

Asubuhi moja aliletwa Casimir, mvuvi wa miaka ishirini na sita, amejikunja, ameshika tumbo upande wa kulia, chini. Wavuvi wa huku hawalii; mwanaume akilia maumivu, wenzake mtumbwini watamcheka mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo Anastasie haulizi kama inauma. Humwambia mtu anyooshe vidole: kimoja ni maumivu ya mwiba, kumi ni ya kutamani kufa. Casimir alinyoosha vinane. Anastasie akamwambia mama wa kijana, Mama Marie, kwamba ni apendisiti, kidole tumbo kimevimba, na apasuliwe hospitali ya Baraka leo hii. Pikipiki ikaitwa. Walipokuwa wanaingoja, akina mama wa kanisa wakamzunguka mgonjwa wakaomba.

Pikipiki ilipofika, Casimir alikuwa amenyoosha miguu na kuvuta pumzi ndefu. Akaonyesha vidole viwili.

"Imepona," akasema, anacheka.

Vigelegele vikapigwa. Mama Marie akatoka kumwambia dereva ajiendee zake. Anastasie akamsogelea mgonjwa. Aligusa tumbo la Casimir, lilikuwa gumu kama ubao. Akashika mkono, mapigo yalikuwa yanakimbia. Uvimbe wa ndani ulikuwa umepasuka, ndiyo maana maumivu yalipungua. Usaha ulikuwa unamwagika tumboni, na nafuu ile ndiyo iliyokuwa ikimuua.

"Mama Marie, lazima aende Baraka," akasema. "Sasa hivi."

"Mungu ameponyesha mutoto wangu, na we unataka bamupasule? Hauna imani, mama muganga?"

Muuguzi haonyeshi woga mbele ya ndugu za mgonjwa. Akiogopa yeye, wao wamshike nani? Alitafuta maneno makubwa ya kitabuni, hakuyapata.

"Mi naogopa, mama," akasema, na sauti ikatetemeka mbele ya wote. "Kaka yangu Raphaël alisema vile vile, imepona. Mi nilikuwa nasomea kazi hii. Nikafurahi, nikamupikia bugali, akakula matonge tatu. Siku ya tatu tukamuzika."

Mama Marie alimtazama mwanawe. Kijana bado alikuwa anacheka, ila midomo ilikuwa imepauka. Mama akakaza kikwembe kiunoni, akatoka mbio barabarani, akimwita yule dereva wa pikipiki.

Mchana kutwa Anastasie alihudumia watu huku simu iko mfukoni, na kila ilipolia aliitoa haraka. Saa kumi na moja jioni daktari alipiga kutoka Baraka. Tumbo lilikuwa limejaa usaha, wamelisafisha, kijana ameamka.

"Lakini analia sana," daktari akaongeza, kama anayeomba radhi. "Anasema inamuuma."

"Mupatie dawa, dokta," akajibu Anastasie. "Na mumuache alie."

Kisha akakaa sakafuni, akalia na yeye.